Wotapampu ya Gari la Mama Mkwe

Mke wangu alinipigia simu kutoka kwa mama yake nikiwa Geita, nimesimama kwenye tope la mdomo wa duara, nafungua pampu ya wachimbaji. Duara ni shimo la dhahabu, na duara lolote likienda chini sana hujaa maji. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kutengeneza mashine za kuyatoa. Siku hiyo hakunisalimia hata. Alisema, "Mama anataka kwenda Mhunze kumchukua mama mkubwa, na gari linavuja maji. Njoo Kagongwa."

"Si akodi gari?" nikamuuliza.

"Mwambie wewe," akanijibu, na alijua vizuri kwamba mimi siwezi kumwambia mama yake kitu.

Hapa inabidi nieleze. Mimi nimezaliwa Buseresere, na nyumbani kwetu mkwe ni mtu wa kukaa naye, mkanywa chai, mkacheka. Mke wangu ni Msukuma wa watu wanaoshika mambo ya zamani, na ukoo wao hauna mchezo katika hili. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa nilimjua mama mkwe kwa kisogo, kwa khanga na kwa sauti. Nikienda kwake naanza kukohoa tangu getini ili apate muda wa kuingia ndani. "Shikamoo, mama," nauambia ukuta. "Marahaba, baba," ukuta unaitikia. Akiwa na neno na mimi anamtuma binti yake. Binti asipokuwepo anamtuma mtoto yeyote anayepita. Asipopita mtoto anamwambia mbuzi, kwa sauti ya kutosha, mradi nisikie.

Mke wangu alinieleza mara mia kwamba hiyo ni heshima. Mimi nilisema sawa, ila moyoni sikukubali. Hasira zangu ziko karibu, na mtu asiponitazama naona ananidharau. Nilikuwa nikirudi Geita nanung'unika njia nzima, na mke wangu alishazoea kunung'unika kwangu, akawa hata hanijibu.

Gari lenyewe ni pikapu ya petroli, kuukuu kuliko mimi, ya bluu iliyobaki pale tu ambapo jua halifiki. Marehemu baba mkwe aliitumia kupeleka mpunga wa Kagongwa minadani, na utingo wake alikuwa mkewe. Yeye ndiye aliyeweka kigogo nyuma ya tairi kwenye mlima, aliyejaza maji, aliyeshika tochi mzee akiwa chini ya gari. Mzee alifariki mwaka mmoja kabla ya haya. Tangu hapo, kila Jumapili akitoka misa, mama mkwe alikuwa analiwasha gari, analiacha lingurume kidogo, analizima, anafunga mlango na kwenda kupika.

Na huko Mhunze kulikuwa na dada yake. Tumbo moja, na walibaki wao wawili tu. Dada alikuwa amepata kiharusi, upande wa kushoto haufanyi kazi, na nyonga ilimuuma hata kukaa hawezi. Hakujaliwa mtoto, mume alishatangulia, akawa anaangaliwa na jirani mwenye watoto wake sita wa kulea. Mama mkwe alitaka jambo moja tu: dada yake aje Kagongwa, alale chumbani kwake, na kama siku zake zimefika basi zimkute pale, si peke yake. Kupanda basi kusingewezekana kwa mtu wa kulala chali. Gari la kukodi alilikataa katakata. "Dada yangu hatatolewa kwake na mtu asiyemjua, kama gunia," alimwambia binti yake. "Atalala kwenye godoro, kwenye gari letu, na mimi nitakaa pembeni yake."

Basi nikaenda. Nilifungua boneti na sikuhitaji hata kuwasha. Chini ya wotapampu, ile pampu ya kuzungusha maji ya injini, kuna kitundu kidogo, kimewekwa makusudi, ili sili ya ndani ikichoka maji yatokee hapo na mwenye gari ajue. Maji yalikuwa yanadondoka hapo tone kwa tone. Nikashika feni nikaitikisa, ikacheza kushoto kulia. Sili kwisha, beringi kwisha. Nikamwambia mke wangu kwa sauti kubwa, ili na mama asikie, kwamba hiyo ni kazi ya siku moja, tena siku yenyewe isiishe.

Nilimtumia picha mwenye duka la spea Kahama, akajibu kwamba anayo moja, imekaa kwenye boksi miaka mingi, na hajui kama atapata nyingine. Niliifuata nikarudi nayo asubuhi hiyohiyo. Nikamwaga maji ya rejeta kwenye beseni, nikatoa mkanda, nikatoa feni, nikaanza kufungua bolti. Tano zilitoka kwa upole na ya sita ilikataa. Niliinywesha mafuta ya taa, nikaisubiri, nikaigonga kidogo kichwani, nikairudia, na saa nzima ilipita kabla haijakubali. Nikakwangua gasketi ya zamani kwa wembe mpaka chuma kikang'aa. Ile mpya niliikata kwenye karatasi ya boksi la biskuti: unailaza juu ya pampu, unagonga pembezoni kwa nyundo ndogo, na ule ukingo wa chuma unaikata wenyewe. Nikaipaka grisi, nikafunga. Mpaka hapo sikukosea kitu, na nasema hivyo kwa sababu ninakoelekea si kuzuri.

Nikafika kwenye mkanda wa feni, ambao ndio unaozungusha pampu pia. Kwetu mashimoni mkanda ukilegea ni balaa: pampu inazubaa, maji yanapanda, na watu wako chini. Kwa hiyo mafundi wa maduara tunakaza mpaka mkanda ukiupiga kwa kidole unalia. Mkono wangu umezoea hivyo. Nikatia nondo, nikasukuma alternata, nikaanza kukaza.

Mama mkwe alikuwa nyuma ya mlango wa jiko anachambua mchele, na mbuzi wake amefungwa hapo nje. Mke wangu alikuwa ameenda sokoni.

"Wewe mbuzi," mama mkwe akasema, "mzee alikuwa akiubonyeza mkanda ule kwa dole gumba. Ukiingia kidogo, basi. Hakuwa anaukaza hivyo."

Nilisikia kila neno, na moto ukanipanda. Mimi ninayefuatwa na watu kutoka hata Chato nikawatengenezee pampu, leo nifundishwe kazi na mtu anayeongea na mbuzi. Nikajifanya sikusikia. Nikaongeza robo mzunguko kwenye ile nati, si kwa sababu ilihitaji, kwa ubishi tu. Jikoni mchele ukaendelea kuchambuliwa.

Kesho yake asubuhi nilitoka na gari peke yangu kwenda Isaka kulijaribu. Kwenda lilikwenda vizuri, nikaimba. Kurudi, kabla sijafika nusu ya njia, likaanza kulia kwa mbele, kilio chembamba cha chuma kwa chuma, kisha mvuke, kisha maji yakarushwa kwenye kioo. Nikasimama nikafungua. Beringi ilikuwa imekufa na feni imelala upande. Grisi ya pampu ile ilishakaukia kwenye boksi, ilitaka kuanzishwa taratibu, na mimi nilikuwa nimeikaba shingo kwa mkanda.

Nilivutwa kwa kamba na trekta la mpunga mpaka Kagongwa. Trekta hilo lilipita katikati ya soko, polepole kupita kiasi, na kila aliyeniona aliniuliza kama fundi wa Geita siku hizi anasafiri kwa kuvutwa. Nilistahili. Nilimwona mke wangu amesimama getini, mikono kichwani.

Jioni ile jirani wa Mhunze alipiga simu, na mke wangu akaweka sauti ili mama naye asikie. Dada alikuwa ameanza kukataa uji. Kila asubuhi anauliza kama gari limefika, akiambiwa bado anageukia ukutani. "Mfanye haraka," jirani alisema, "maana naona anakata tamaa."

Mimi nilikuwa nimekaa uani juu ya tairi. Nilisubiri mama mkwe aseme kitu, hata kwa mbuzi. Badala yake chakula changu kililetwa kama kawaida, wali na sato, kimefunikwa vizuri kwa kitambaa, na kipande cha samaki kilikuwa kikubwa kuliko vya siku zote. Ningeona afadhali angenitukana.

"Mama aliniambia," nilimwambia mke wangu. "Kuhusu mkanda. Alimwambia mbuzi, nikasikia, nikakaza zaidi."

"Sasa unaniambia mimi ili iweje? Mwambie mwenyewe."

"Namwambiaje?"

"Mdomo si unao? Siku zote unao."

Sikupata spea nyingine. Nilipiga simu Kahama, Shinyanga, Mwanza, hakuna. Ikabaki ile pampu ya zamani yenye kitundu kinachovuja. Kiwiliwili chake kilikuwa kizima, kilichokufa ni vya ndani. Nikaifunga kwenye gazeti, nikapanda basi mpaka Geita kwa mwenzangu mmoja mwenye mashine ya kuchonga vyuma. Tulitoa mhimili tukausugua, tukapata beringi ya saizi yake kwenye mashine ya kusaga mawe, sili tukaipata kwenye pampu ya duara lililofungwa. Siku mbili zilikwenda. Kila simu ikiwaka nilidhani ni habari za Mhunze. Ninakubali kwamba niliomba, mimi ambaye kanisani napelekwa na mke. Niliomba yule bibi avumilie ubishi wangu.

Nilirudi Kagongwa alfajiri, na jua lilipotoka nilikuwa nimeshafungua boneti. Boneti la gari lile linafungukia nyuma, linasimama wima mbele ya kioo, ukiwa kwenye injini huoni kabisa ndani ya gari. Mke wangu alikuwa ameenda kununua petroli. Nilikuwa nakata gasketi nyingine niliposikia mlango wa gari unafunguliwa, springi za kiti zikalia, mlango ukafungwa. Nikajua ni nani. Alikuwa amekaa upande wake wa utingo, mimi niko mbele ya injini, na boneti limesimama katikati yetu. Hanioni, simwoni. Hatukuwa tumevunja kitu.

"Shikamoo, mama," nikaliambia boneti.

"Marahaba, baba. Umerudi salama?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza swali mwenyewe. Nilishika spana nikaiachia. Nikamwambia yote. Kwamba nilisikia, kwamba nilikasirika, kwamba nati ile niliiongeza robo mzunguko kwa makusudi, na kwamba dada yake akiondoka kabla hatujafika sitajua nitaishi vipi.

Kisha akasema, "Mimi nami nilikosa."

"Hapana, mama."

"Nisikilize. Ningeweza kumsubiri mke wako akueleze vizuri. Nilikuwa na hasira. Nilichungulia kwenye upenyo wa mlango, nikaona mikono ya mtu mwingine ndani ya gari la mzee. Nilikuona unaijua kazi, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Nikakusema kwa mbuzi ili nikuchome."

"Ulinichoma kweli."

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka karibu hivyo, kicheko chake ni cha mke wangu kabisa. Akaniambia kwamba hata mzee alikuwa mbishi, kwamba wakati fulani alimwambia maji ya rejeta yamepungua, mzee akamjibu mwanamke anajua nini, na injini ikawafia Tinde na mpunga wa watu. "Siku tatu tulikaa pale," alisema. "Tangu hapo akawa ananiuliza mimi kwanza." Aliposema hivyo sauti yake ilififia, nami nikaendelea kufunga bolti, polepole, moja huku na mwenziwe ng'ambo, kumpa nafasi ya kufuta machozi yake. Yangu niliyafuta kwa mkono wenye grisi.

Nikafika kwenye mkanda. "Mama, naomba unielekeze," nikasema.

"Bonyeza katikati kwa dole gumba. Umeingia kiasi gani?"

"Nusu ya kucha."

"Umekaza mno. Legeza."

Nikalegeza. "Sasa ni kama upana wa kidole."

"Basi. Funga hapohapo. Jaza maji, usifunge kifuniko, nawasha."

Akahamia upande wa dereva na kuwasha yeye mwenyewe. Injini ilikohoa, ikashika. Tuliisikiliza wote wawili muda mrefu, yeye ndani mimi nje. Nililaza kiganja chini ya kitundu cha pampu, nikakitoa kikiwa kikavu. Nikakirudisha, nikakitoa tena kikavu. "Haivuji, mama," nikasema. "Wabeja," akajibu, ahsante ya kwao, halafu akashuka na kuingia ndani kabla sijafunga boneti.

Tuliondoka saa mbili asubuhi, godoro na mito nyuma chini ya turubai, sisi watatu mbele, mke wangu katikati kama ukuta. Sikuvuka mwendo wa kuendesha harusi. Tinde nilisimama kukagua maji, Shinyanga mjini nikasimama tena, na kila mara mke wangu aliniuliza kama kuna shida, na kila mara nilimwambia hakuna, naangalia tu. Mama mkwe alitazama dirishani njia nzima akiwa ameshika rozari bila kuisali.

Dada alikuwa hai. Jirani alitupokea mlangoni na neno hilo ndilo lilikuwa la kwanza kumtoka, hata karibu hakusema. Wanawake wakaingia ndani, mimi nikabaki uani nimeupa mlango mgongo, maana yule naye ni mama mkwe wangu kwa heshima ileile. Nikawasikia wanajaribu kumwinua kwa shuka, wote watatu. Akalia. Wakamlaza. Wakajaribu tena, akalia zaidi, kilio cha mtu asiye na nguvu ya kulia.

Mama mkwe akatoka. Nilitazama chini, nikaona miguu yake inakuja mpaka mbele yangu, inasimama.

"Nitazame," akasema.

Nikainua macho. Ni mwanamke mfupi, mwenye kovu dogo juu ya nyusi ambalo sikuwa nalijua, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Dada yangu anaumia. Njoo umbebe."

"Mama, mimi ni mkwe."

"Najua wewe ni nani. Njoo."

Nikaingia. Nilipitisha mkono mmoja chini ya magoti, mwingine chini ya mabega, nikamvuta kifuani kwangu taratibu ili nyonga isipinde. Nimebeba mashine nyingi maishani na sijawahi kuogopa kuangusha kitu namna ile. Hakulia. Alikuwa mwepesi mno, ana joto, na kichwa chake kiliegemea shingoni kwangu. Macho yake hayaoni vizuri, akauliza kwa Kisukuma ni nani aliyembeba.

Mke wangu alifungua mdomo kujibu. Mama yake akamtangulia.

"Ng'wanawane," akasema. Mwanangu.

Sikumbuki nilivyofika kwenye gari. Nakumbuka tu kwamba nilimlaza kwenye godoro, na mama mkwe akapanda nyuma, akakaa pembeni ya dada yake akiwa amemshika mkono, kama alivyosema tangu mwanzo. Njia nzima ya kurudi niliwasikia kupitia kidirisha cha nyuma, wanaongea, wananyamaza, wanaongea. Dada huyo aliishi Kagongwa mpaka mvua za kwanza, akawa anakula uji, na siku alipoondoka duniani yeye na mama mkwe walikuwa kitanda kimoja. Lakini siku ile sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba mshale wa joto haujapanda na kwamba Kagongwa inakaribia.

Tulifika jua bado lipo. Nikamshusha, nikambeba mpaka sebuleni, mpaka mlango wa chumba cha mama mkwe, hapo nikasimama nikingoja wanawake wampokee. Chumba cha mama mkwe, mkwe wa kiume haingii, hata kwetu Buseresere. Mama mkwe alitangulia, akasogeza pazia kando, akalishikilia kwa mkono, akanitazama.

"Pita," akasema.

Nikavua viatu, nikapita.